Je, Wajua? Bendera Mtoni, Bwawa Mlimani

Wiki hii safu yako inakujia kutoka Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, mkoani Njombe, mahali ambapo mwezi wa Julai mtu akikwambia ameoga alfajiri unamtazama mara mbili. Huku kuoga kwenyewe kunahitaji kuni, ndoo na ujasiri, sembuse kuogelea. Ndiyo maana tukaona tuulizie habari za vijana wetu wanaovaa kofia zenye bendera ya taifa na kujitosa majini mbele ya dunia nzima. Timu ya taifa ya kuogelea imefika wapi katika Olimpiki? Nani wamekwenda, wameingiaje, na mbona hurudi mapema? Sogeza kigoda karibu na jiko, shika kikombe, tuanze.

TUANZE NA NENO

1. Je, wajua kwamba "kuogelea" ni mtoto wa "kuoga"? Kiswahili kilichukua oga, kikalinyoosha mpaka likawa ogelea. Mtoto wa Pwani huyajua yote mawili kabla hajaanza shule. Mtoto wa Makete anaweza kulitumia la kwanza hadi uzeeni bila kuwahi kulifikia la pili.

2. Je, wajua makachu? Ndivyo vijana wa Forodhani, Unguja, wanavyoita kujirusha baharini kutoka ukutani kwa sarakasi: mmoja anapinduka hewani, mwingine anajikunja kama mpira, watalii wanapiga picha. Hakuna saa, hakuna refa. Ufundi wote huo haumwingizi mtu Olimpiki, kwa sababu Olimpiki haiulizi kama unayajua maji. Inauliza umetumia sekunde ngapi.

WALIOKWENDA

3. Je, wajua kwamba timu ya Tanzania iliyokwenda Olimpiki ya Paris 2024 ilikuwa na wanamichezo 7 tu? Wanne ni wa marathoni: Alphonce Simbu, Gabriel Geay, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu. Mmoja ni wa judo, Andrew Mlugu. Wawili waliobaki ni waogeleaji: Collins Saliboko na Sophia Latiff.

4. Je, wajua kwamba mmoja wa washika bendera yetu siku ya ufunguzi alikuwa mwogeleaji? Tarehe 26 Julai 2024 Sophia Latiff aliishika pamoja na Andrew Mlugu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ufunguzi wa Olimpiki ya kiangazi kufanyika nje ya uwanja: timu zilipita ndani ya boti kwenye Mto Seine, mvua ikiwanyeshea.

5. Na mto wenyewe? Wakazi wa Paris walikatazwa kuogelea ndani yake tangu 1923 kwa sababu ya uchafu. Kwa hiyo mwogeleaji wetu aliipeperusha bendera juu ya maji ambayo kwa miaka mia moja kuogelea humo kulikuwa kosa.

6. Saliboko aliogelea mita 100 mtindo huru tarehe 30 Julai. Kesho yake, bwawa lilelile na masafa yaleyale, Pan Zhanle wa China alishinda fainali kwa sekunde 46.40, rekodi mpya ya dunia.

7. Sophia aliingia majini tarehe 3 Agosti kwa mita 50 mtindo huru, mchana wa saa za kwetu. Jaribu kupima shindano hilo kwa saa ya mgahawani Iwawa: mama ntilie akianza kumimina chai mlio wa kuanza unaposikika, atakuwa ameshajaza vikombe vitatu na waogeleaji wanagusa ukuta. Sukari haijayeyuka. Miaka ya mazoezi, safari na ada imekwisha kabla hujapuliza kikombe.

8. Je, wajua kwamba bwawa la Paris lilikuwa la muda? Lilijengwa ndani ya ukumbi mkubwa unaochezewa raga na kufanyiwa matamasha, Paris La Défense Arena. Michezo ilipokwisha likang'olewa.

9. Kati ya waogeleaji wetu, anayeongoza kwa kurudi Olimpiki ni Magdalena Moshi. Alikuwapo Beijing 2008, London 2012 na Rio 2016. Michezo mitatu mfululizo, hilo hata wakimbiaji wengi hawalipati.

10. Wengine wa kukumbuka: Khalid Rushaka (Beijing 2008), Ammaar Ghadiyali (London 2012) na Hilal Hilal (Rio 2016).

11. Na Tokyo? Katika michezo ile iliyoahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya Uviko-19, Tanzania ilipeleka watu watatu tu, wote wa marathoni. Bwawani hatukuwa na mtu.

12. Je, wajua kwamba hakuna hata mmoja kati ya waogeleaji hawa sita aliyevuka mchujo? Iandike hiyo bila aibu, kisha soma sehemu inayofuata kabla hujacheka.

MLANGO WENYE NAFASI MBILI

13. Nchi isiyo na mwogeleaji aliyefikia viwango vya muda vilivyowekwa hufunguliwa mlango wa pili: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mlango huo upo ili dunia nzima iwakilishwe majini, si mataifa tajiri peke yake. Ndiyo maana tulikuwa na jozi London, jozi Rio na jozi Paris. Hebu fikiria Taifa Stars ingeruhusiwa kupeleka wachezaji wawili tu, halafu mtaani watu waulize mbona hawakufunga.

14. Je, wajua kwamba nafasi hiyo hailetwi nyumbani kwa posta? Aliyeomba kwenda Paris kwa njia hiyo alipaswa kwanza kushiriki Mashindano ya Dunia, ya Fukuoka 2023 au ya Doha 2024. Huko nako kuna nauli, hoteli na viza.

15. Shirikisho la dunia la mchezo huu zamani liliitwa FINA. Tangu Desemba 2022 linaitwa World Aquatics. Kwetu, chama chenye dhamana ni Chama cha Kuogelea Tanzania, TSA, na kibali cha mwisho cha kwenda Olimpiki hupitia Kamati ya Olimpiki Tanzania, TOC.

16. Je, wajua kwa nini wa kwetu huogelea mwanzoni mwa mchujo? Makundi ya mchujo hupangwa kwa muda ambao kila mmoja amekuja nao. Wenye muda mrefu huanza, mabingwa hufunga dimba. Kwa hiyo ukichelewa kuwasha televisheni, Mtanzania ameshavaa taulo.

17. Hata njia ya kuogelea husema jambo. Mwenye muda bora kuliko wote hupewa njia ya 4 katikati, wa pili ya 5, wa tatu ya 3, hivyo hivyo hadi pembeni kabisa njia ya 8. Ukimwona mtu katikati, ujue amekuja na jina.

18. Basi mwogeleaji wa nafasi mbili hujipima kwa nini? Kwa saa yake mwenyewe. Akigusa ukuta, anageuka kutazama ubao: je, nimepunguza muda wangu? Nimevunja rekodi ya taifa? Aliyeshika nafasi ya sitini anaweza kutoka majini akiwa na kasi ambayo hakuna Mtanzania aliyewahi kuifikia, na nyumbani tukasoma neno moja tu: "atolewa".

WALIKOFUATA MABWAWA

19. Je, wajua Saliboko alinolewa wapi? Alianzia Dar es Salaam, kisha akaenda shule ya Saint Felix, mashariki mwa Uingereza. Hilal Hilal alifanyia mazoezi Dubai. Magdalena Moshi aliishi Australia. Ukitaka kuchora ramani ya timu ya taifa ya kuogelea, usianze na mikoa. Anza na mabwawa.

20. Mabwawa mengi ambamo waogeleaji wa Tanzania hufanyia mazoezi na mashindano ni ya shule, tena nyingi ni za kimataifa, na mengi yana urefu wa mita 25. La Olimpiki ni mita 50. Katika la 25, mita 50 zinakupa ukuta wa kujigeuzia na kujisukuma kwa miguu katikati ya safari. Katika la 50 hakuna ukuta: ni wewe na mapafu yako. Ndiyo maana muda wa bwawa fupi na wa bwawa refu huandikwa katika vitabu viwili tofauti vya rekodi.

21. Si kwamba nchi ina uhaba wa maji. Pwani ya Tanzania ina urefu wa takriban kilomita 1,424. Tuna sehemu ya Ziwa Victoria, kubwa kuliko yote Afrika. Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani. Na Ziwa Nyasa. Maji tunayo ya kuuza. Yaliyopimwa, yakazungushiwa ukuta na kupewa kocha ndiyo haba.

MAJI YA KIFUU

22. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Je, wajua kisa cha Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta? Alijifunza kuogelea miezi michache kabla ya Olimpiki ya Sydney 2000, katika kibwawa cha hoteli, na hakuwa amewahi kuliona bwawa la mita 50 mpaka alipofika Australia. Mchujo wake wa mita 100 ulikuwa na watu watatu. Wenzake wawili walijirusha kabla ya mlio wakaondolewa. Akabaki peke yake.

23. Mita 50 za kwanza alikwenda vizuri. Aliporudi, mikono ikawa mizito, miguu ikazama, kichwa kikawa juu kama cha mtu anayetafuta ngalawa. Mita kumi za mwisho alikuwa karibu kusimama. Uwanja wote ukainuka kumshangilia hadi akakamata ukuta: dakika 1 na sekunde 52.72. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake.

24. Je, wajua kwamba nchi ndogo inaweza pia kumzamisha mkubwa? Mwaka 1988 mjini Seoul, Anthony Nesty wa Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, alishinda dhahabu ya mita 100 mtindo wa kipepeo. Alimpiga Matt Biondi wa Marekani kwa sekunde 0.01. Hakuna mwanamume mweusi aliyekuwa ameshinda dhahabu ya kuogelea peke yake kabla yake. Miaka 36 baadaye, huko Paris, Nesty alikuwa kocha mkuu wa wanaume wa Marekani.

25. Tulisema njia ya 8 ni ya pembeni kabisa. Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, kijana wa miaka 18, aliingia fainali ya mita 400 huko Tokyo akiwa wa mwisho kati ya wanane, akapewa njia hiyo hiyo ya 8, akatoka na dhahabu.

26. Je, wajua kwamba mwogeleaji mwenye medali nyingi za Olimpiki kuliko wote Afrika anatoka nchi isiyo na bahari? Kirsty Coventry wa Zimbabwe ana medali 7, mbili za dhahabu, zote mbili za mita 200 kuogelea chali, Athens 2004 na Beijing 2008. Tangu Juni 2025 ndiye Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho.

KWA JIRANI

27. Je, wajua kwamba Mkenya amewahi kushikilia rekodi ya Olimpiki majini? Beijing 2008, mchujo wa mita 100 kipepeo: Jason Dunford aligusa kwa sekunde 51.14. Rekodi! Dakika chache baadaye, kundi lililofuata, Milorad Čavić wa Serbia akaivunja. Lakini kwa muda wa kunywa maji, Olimpiki nzima ilikuwa nyuma ya Nairobi.

28. Akavuka hadi fainali, Mkenya wa kwanza kufika huko katika kuogelea, akawa wa 5. Na fainali yenyewe si ya kawaida: ndiyo ile ambayo Michael Phelps alimshinda Čavić kwa sekunde 0.01 na kutwaa dhahabu yake ya 7 ya michezo hiyo. Picha ile imezunguka dunia. Mwana wa Afrika Mashariki alikuwa humo humo majini.

29. Mwaka 2010 huko Delhi, Dunford aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya kuogelea katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 50 kipepeo.

30. Na alipotundika miwani ya bwawani? Akaingia kwenye muziki kwa jina la Samaki Mkuu. Jina lenyewe ni wasifu mzima.

31. Hata hivyo, usiseme Wakenya wana damu ya samaki. Nairobi kuna bwawa la mita 50 pale Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na Dunford alikomaa akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Bwawa kwanza, sifa baadaye.

32. Uganda nayo ina Husnah Kukundakwe, aliyezaliwa na ulemavu wa mikono. Alishiriki Paralimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 14 tu, akarudi tena Paris 2024. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alijikunja mwenyewe.

SEKUNDE ILIYOKATWA MARA ELFU

33. Je, wajua kwamba mwaka 1972 huko Munich dhahabu ya mita 400 mchanganyiko iliamuliwa kwa sekunde 0.002? Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walifungana hadi kwenye sehemu ya mia. Waamuzi wakashuka hadi sehemu ya elfu, Larsson akapewa ushindi.

34. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa: saa huishia sehemu ya mia, mkifungana mnagawana nafasi. Sababu ni ya fundi ujenzi. Katika sehemu ya elfu ya sekunde mwogeleaji hodari husogea milimita 2 hivi, na hakuna fundi awezaye kuapa kwamba ukuta wa njia ya 1 na wa njia ya 8 haujapishana kiasi hicho.

35. Anayesimamisha saa si mtu. Ni ubao wa kugusia uliobandikwa ukutani, na lazima usukumwe. Ukiupapasa kwa upole wa kubisha hodi ukweni, saa inaendelea kuhesabu.

36. Mtindo huru, kipepeo au chali, ruhusa ya kwenda chini ya maji baada ya kujirusha au kugeuka ni mita 15. Kwa nini ikawekwa mipaka? Kwa sababu chini hakuna mawimbi, na mabingwa waligundua kwamba ni haraka kwenda kama samaki kuliko kama mtu.

37. Ukijirusha kabla ya mlio, umekwisha. Hakuna onyo la kwanza. Nusu dakika uliyoingoja miaka minne inafutwa na mtetemeko wa goti.

38. Je, wajua kwamba nguo iliwahi kushinda mashindano? Mwaka 2009 huko Roma, rekodi 43 za dunia zilivunjwa katika mashindano mamoja, waogeleaji wakiwa wamejibana ndani ya mavazi ya plastiki yaliyowasaidia kuelea. Mwaka uliofuata yakapigwa marufuku.

BARIDI YETU NA YA WENZETU

39. Je, wajua kwamba Olimpiki ya kwanza, Athens 1896, haikuwa na bwawa? Waogeleaji walipelekwa baharini kwa boti, wakaambiwa rudini pwani. Maji yalikuwa na nyuzijoto 13 hivi. Alfréd Hajós wa Hungaria alijipaka mafuta mazito mwili mzima, akashinda mara mbili. Baadaye alikiri kwamba katika mita 1,200 hakuwa tena akiwaza ushindi, alikuwa akiwaza kupona.

40. Hajós alianza kuogelea kwa sababu gani? Baba yake alizama katika Mto Danube yeye akiwa na miaka 13. Mtoto akaapa kuyajua maji.

41. Leo maji ya bwawa la mashindano hutakiwa kuwa kati ya nyuzijoto 25 na 28. Mkinga aliyezoea mito ya Makete angeuliza kama yamewekwa majani ya chai.

42. Na wala si woga wetu. Maji hunyonya joto la mwili haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa yenye baridi ileile. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama stendi ya Makambako usiku kucha na jaketi moja akisubiri basi la Songea, lakini ukimtia mtoni kwa nusu saa ataita majina ya marehemu.

MLIMA WANAOULIPIA WENGINE

43. Hapa, msomaji, weka kikombe chini. Je, wajua kwamba timu kubwa za kuogelea hupanda mlimani kufanya mazoezi? Hispania ina kituo Sierra Nevada, mita 2,320 juu ya usawa wa bahari, chenye bwawa la mita 50 ndani ya nyumba, huku nje theluji imetanda. Wamarekani na wageni wao hupanda Flagstaff, Arizona, mita 2,100 hivi. Watu hutoka Ulaya yote, wanalipa, wanakaa wiki tatu.

44. Wanatafuta nini? Hewa nyembamba. Juu huko oksijeni ni pungufu kwa kila pumzi, mwili unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Wakishuka bwawa la usawa wa bahari, damu hiyo inawasukuma.

45. Sasa pima kwetu. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000. Uwanda wa Kitulo, ndani ya wilaya hii hii ya Makete, ule wenye hifadhi ya maua inayoitwa Bustani ya Mungu, upo takriban mita 2,600. Hewa wanayoifuata kwa ndege, sisi tunaivuta bure tukichimba viazi.

46. Wakimbiaji wameshaielewa siri hiyo. Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo, Septemba 2025, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Kilomita 42 zilipimwa kwa kijiko cha waogeleaji.

47. Medali za Olimpiki za Tanzania, kumbuka, bado ni mbili: fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Zote za mbio. Mkimbiaji akiamka, barabara imeshaamka. Mwogeleaji akiamka, anauliza nani ana ufunguo.

MAJI SI MEDALI PEKE YAKE

48. Je, wajua kwamba Mkoa wa Njombe una ziwa? Wilaya ya Ludewa inashuka mpaka Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofika mita 700 hivi. Mtu wa Iwawa anayetetemeka kwa baridi na mvuvi wa Manda anayetokwa jasho ni watu wa mkoa mmoja.

49. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, tukapoteza mamia. Septemba 2011, MV Spice Islander, baharini kuelekea Pemba: mamia tena. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, watu 228 wakafa, nchi kavu ikionekana kwa macho. Chombo kilichojazwa kupita kiasi ndicho mkosaji, wala hakuna anayemlaumu abiria. Lakini baina ya chombo na nchi kavu, kuna anayejua kuelea na asiyejua.

50. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi hufa maji kila mwaka. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Sophia alipanda boti ya Seine na bendera yetu kesho yake.

51. Je, wajua kuhusu wasichana wa Nungwi? Kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha kuogelea tangu 2011, wakiwa na mavazi yanayofunika mwili mzima na kofia vichwani, stara ikibaki mahali pake. Wanaanza kwa kuelea chali wakikumbatia dumu tupu la plastiki. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dumu lilelile tunalochotea maji.

HESABU YA KUFUNGIA

52. Je, wajua bwawa la mashindano linakunywa maji kiasi gani? Urefu mita 50, upana 25, kina 2: ni lita milioni 2 na nusu. Kwa ndoo zetu za lita 20, ni ndoo 125,000. Kina mama wa Iwawa wakisikia hesabu hii wataomba kwanza bomba lifike jikoni, nao wana haki.

53. Na baridi? Tuseme maji ya mlimani yana nyuzijoto 15, tunayataka 26. Tuseme pia joto halipotei njiani. Kuni kavu zinazohitajika ni takriban tani 7 na nusu. Kuyatunza yasipoe ni gharama nyingine, paa ni gharama nyingine, kocha ni mshahara wa kila mwezi. Lakini ule moto wa kwanza, ambao sote tungeutaja kuwa ndio kikwazo, ni mzigo wa Fuso moja. Na katika mkoa huu wa misitu ya misonobari, Fuso zilizojaa mbao na mabaki yake hupita hapa zikishuka Makambako kila siku ya Mungu.

54. Swali la wiki: umesimama kando ya barabara, jaketi limefungwa hadi shingoni, Fuso hilo linapita. Hesabu mpaka linapotoweka kwenye kona. Ni nusu dakika hivi. Je, wajua ni nani mwingine hupewa muda kama huo?